Sura ya Nne: Nyungunyungu Si Chango

Mweke nyungunyungu juu ya karatasi kavu ya gazeti, zima redio, kisha tega sikio. Akianza kutambaa utasikia mkwaruzo mdogo, kama kucha inayopita juu ya mkeka. Inashangaza, maana ukimtazama ni laini mwili mzima. Sasa mpapase kwa kidole kutoka kichwani kwenda mkiani: kidole kinateleza. Kirudishe kutoka mkiani kwenda kichwani, nacho kinakwama kidogo, kama unapopapasa kidevu kilichonyolewa juzi. Hivyo ni vinywele vigumu, vifupi mno hata jicho huvikosa bila kioo cha kukuzia. Spishi nyingi zina vinane katika kila pingili ya mwili. Ndivyo anavyojishikiza navyo kwenye kuta za shimo lake, na ndiyo sababu kuku anayemvuta wakati mwingine huondoka na kipande tu.

Chango ukimweka juu ya gazeti hilohilo husikii kitu. Aliyewahi kumwona mtoto akitoa chango baada ya kumeza dawa anajua alivyo: mrefu, mweupe wa kuelekea waridi, mwororo kama tambi iliyochemshwa, amechongoka kichwani na mkiani. Hana pingili. Hana kinywele hata kimoja.

Hata hivyo wengi wetu tumekua tukiwahesabu wawili hawa ndugu. Utotoni, masika yakishika, tulikuwa tukiokota nyungunyungu nyuma ya jembe la bibi. Naye, bila kuinua kichwa, alitukemea: “Tupeni hao, mtaota minyoo tumboni!” Tuliwatupa. Methali inasema samaki mmoja akioza wote wameoza, na nyungunyungu amehukumiwa kwa methali hiyo miaka nenda, miaka rudi. Kosa lake ni umbo: ni mrefu, ni mwembamba, hana miguu, kwa hiyo ni mnyoo, na mnyoo ni ugonjwa.

Bibi hakuwa peke yake. Wasomi wa Ulaya walitangulia kukosea, tena kwa maandishi. Kwa karne nyingi walitumia neno moja la Kilatini, lumbricus, kumwita nyungunyungu wa shambani na chango wa tumboni. Mwaka 1683 daktari wa London, Edward Tyson, alimpasua chango na kueleza alichokiona: kuna dume na kuna jike, na viungo vyao vya ndani havifanani na vya nyungunyungu. Mwaka uliofuata Mwitalia Francesco Redi alichapisha kitabu kuhusu wanyama wanaoishi ndani ya wanyama wengine, naye akawatofautisha wawili hao. Lakini jina likishazoeleka halibanduki kirahisi. Carl Linnaeus wa Sweden alipoorodhesha viumbe mwaka 1758, chango alipewa jina analolibeba mpaka leo, Ascaris lumbricoides. Sehemu ya pili ya jina hilo maana yake ni “anayefanana na nyungunyungu”. Linnaeus alikwenda mbali zaidi. Aliwatia minyoo wote katika kapu moja aliloliita Vermes, akawachanganya humo na konokono na pweza. Kapu hilo lilikuwa la kutupia kila mnyama laini aliyekosa pa kuwekwa. Kama tutakavyoona, wanasayansi walilivunja kapu hilo, kisha karne mbili baadaye wakakuta kwamba humo ndani kulikuwa na ndugu wa kweli, ila si wale waliodhaniwa.

Muwa, tyubu na utepe

Kuna jamii nyingi za minyoo duniani, lakini tatu ndizo zinazotuhusu zaidi: minyoo wa pingili, minyoo wa mviringo na minyoo bapa. Ili kuzikumbuka, chukua vitu vitatu vya nyumbani: muwa, tyubu ya baiskeli na utepe.

Nyungunyungu ni muwa. Mwili wake umegawanyika pingili kwa pingili, na pingili hizo si mapambo ya nje tu. Ndani, kila moja imetenganishwa na jirani yake kwa ukuta mwembamba, na kila moja ina maji yake, misuli yake na mirija yake ya kutolea taka. Spishi inayofahamika sana Ulaya, Lumbricus terrestris, hufikisha pingili 150 hivi. Utumbo na mshipa mkuu wa neva hupita katikati ya vyumba vyote hivyo, kama korido ndefu katika nyumba ya kupanga.

Misuli yake ni ya aina mbili. Ipo inayozunguka mwili kama pete, na ipo inayokwenda kwa urefu. Ya pete ikibana, pingili hurefuka na kuwa nyembamba. Ya urefu ikibana, pingili hufupika na kunenepa. Mtazame anapotambaa utaona wimbi likisafiri mwilini. Sehemu iliyonenepa inajikita kwa vinywele, sehemu iliyorefuka inasukumwa mbele. Kila chumba kina maji yake, kwa hiyo kichwa kinaweza kunyooka huku kiuno kikinenepa. Ndivyo kiumbe asiye na mfupa hata mmoja anavyojipenyeza katika ardhi inayomtoa jasho mwenye jembe.

Chango ni tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo sawasawa. Hana kuta ndani. Ana ngozi ngumu isiyo hai, na ndani yake maji yenye shinikizo kubwa. Misuli yake ni ya aina moja tu, ile ya urefu. Ya pete hana. Kwa hiyo hawezi kujirefusha na kujifupisha kwa wimbi kama nyungunyungu. Anachoweza ni kujipinda huku na huku kama mjeledi. Ukiwaweka wawili hawa ndani ya bakuli la maji, mwendo pekee unatosha kuwatambulisha. Ngozi hiyo ngumu ndiyo inayomkinga na maji ya tumbo yanayosaga nyama na maharage, na minyoo wa jamii yake huivua mara nne kabla ya kufikia utu uzima. Nyungunyungu hajivui kamwe.

Tegu ni utepe. Ni bapa, na tegu wa ng'ombe anaweza kufika mita kadhaa ndani ya utumbo wa mtu mmoja. Hana mdomo, hana utumbo, hana mkundu. Chakula hukifyonza kwa ngozi, kwa kuwa analala ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa na mwenye tumbo. Mtu anaweza kupinga: mbona tegu naye ana vipande vipande kama pingili? Vipande hivyo si pingili za muwa. Kila kimoja ni mfuko wa uzazi wenye viungo vya kiume na vya kike, na vipya huchipuka nyuma ya kichwa, vikivisukuma vya zamani mkiani hadi vikatike na kutoka na choo. Katika jamii ya nyungunyungu mambo ni kinyume: pingili mpya huongezeka karibu na mkia. Vinavyofanana kwa macho vimejengwa kutoka ncha tofauti.

Damu nayo inatenganisha. Nyungunyungu ana damu nyekundu inayopita ndani ya mishipa, na Lumbricus ana jozi tano za mishipa minene karibu na koo inayodunda kama mioyo. Mapafu hana, hupumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu. Mwache juu ya saruji jua la saa sita, atakufa kabla hujamaliza kunywa chai. Chango na tegu hawana moyo wala mshipa wa damu hata mmoja.

Hapa nigusie imani nyingine, ile ya kwamba ukimkata nyungunyungu kwa jembe unapata nyungunyungu wawili. Hupati. Nusu yenye kichwa inaweza kupona na kuotesha mkia ikiwa haikukatwa karibu mno na kichwa. Nusu ya nyuma kwa kawaida hufa. Wanaojulikana kwa kuzaliwa upya kutoka vipande ni planaria, minyoo bapa wadogo wanaoishi majini na wasiomdhuru mtu. Sifa ya jamaa mmoja imevishwa mwingine, kwa sababu ileile ya jina.

Shina la ukoo

Mwanzoni mwa karne ya 19, Georges Cuvier wa Ufaransa alimweka nyungunyungu katika kundi moja na wadudu, kaa na tandu. Hoja yake ilikuwa pingili: tandu anazo, nyungunyungu anazo. Wazo hilo lilifundishwa vyuoni kwa zaidi ya miaka 150. Kisha ikaja elimu ya kusoma maandishi ya urithi ndani ya chembe hai. Mwaka 1997 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulipanga ukoo upya. Kwa mujibu wake, wanyama wote wanaojivua ngozi wakikua, yaani wadudu, kaa, buibui na minyoo wa mviringo, ni watoto wa shina moja. Nyungunyungu hayumo. Yeye yuko katika tawi jingine, pamoja na konokono, chaza na pweza. Minyoo bapa nao wako upande huo, lakini katika chipukizi lao la mbali.

Chango, kwa hiyo, ni jamaa wa karibu zaidi wa nzi kuliko wa nyungunyungu. Na nyungunyungu ni jamaa wa karibu zaidi wa pweza anayekaushwa Jambiani kuliko wa chango. Mkiwa mezani mnakula pweza wa nazi, mnakula binamu wa mbali wa yule anayelima shamba lenu.

Ndugu wa damu wa nyungunyungu ni nani? Ni ruba. Naye ana pingili, na akikomaa ana ule mkanda wa uzazi unaoonekana kwa nyungunyungu mkubwa kama bendeji iliyozungushwa karibu na shingo. Mmoja anakula majani yaliyooza, mwingine ananyonya damu ya ng'ombe mtoni, na bado ni wa nyumba moja. Wapo pia minyoo wa pwani ambao wavuvi huwafukua kwenye matope kwa chambo maji yakitoka. Wengi wao ni wa ukoo huu wa pingili. Tabia haionyeshi ukoo, kama vile umbo lisivyouonyesha.

Wala si haki kuwahukumu minyoo wote wa mviringo kwa kosa la chango. Wengi wao ni wadogo kiasi cha kutoonekana, wanaishi huru udongoni na hawana habari na matumbo yetu. Mmoja wao, Caenorhabditis elegans, ana urefu wa milimita moja, na watafiti wamezihesabu chembe zote za mwili wake: 959. Mwaka 1998 alikuwa mnyama wa kwanza ambaye maandishi yake ya urithi yalisomwa, na mwaka 2002 watu watatu walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi waliyoifanya juu yake. Lakini mkulima wa nyanya atakukumbusha upande wa pili. Aking'oa mche uliodumaa na kukuta mizizi ina vinundu kama shanga, anajua ni minyoo fundo. Hao nao ni wa jamii ya chango, si ya nyungunyungu.

Wa kufanana naye

Lugha yetu imefanya vizuri kuliko nyingine kwa kuwapa kiwavi, buu na funza majina yao wenyewe. Hao si minyoo. Ni utoto wa wadudu, na siku moja wataota mbawa au miguu. Lakini yupo kiumbe mmoja anayewadanganya hata wakulima wazoefu.

Katika vilima vya Taita, kusini mwa Kenya, jembe likiingia kwenye udongo mweusi wa shamba la migomba huweza kumtoa kiumbe wa rangi ya samawati iliyoiva, mwenye mikunjo ya pete mwili mzima. Ukimtazama haraka ni nyungunyungu mnene. Mshike uhisi: ndani yake mna uti wa mgongo. Mfunue mdomo: ana taya, ana meno. Jina lake la kisayansi ni Boulengerula taitana, amfibia, wa jamii moja na chura. Milima ya Usambara, Tanzania, ina ndugu yake, Boulengerula boulengeri. Mwaka 2006 watafiti walieleza jinsi huyu wa Taita anavyolea: mama akiwa na watoto wachanga, ngozi yake ya juu hunenepa na kujaa mafuta, na watoto huibandua kwa vimeno maalumu na kuila. Ngozi huota tena. Ama chakula cha mama mwenyewe, mojawapo ni nyungunyungu. Mnyama mwenye mgongo ameingia kuishi ardhini, akapoteza miguu, macho yakafifia, akaishia kufanana na chakula chake. Maisha ya shimoni humchonga kila anayeyaishi apate umbo la kamba.

Kazi ya mmoja, hatia ya mwingine

Mtu aliyemtetea nyungunyungu kwa bidii kuliko wote ni Charles Darwin. Wengi wanamjua kwa nadharia ya mageuzi. Wachache wanajua kwamba kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, miezi michache kabla ya kifo chake, kilihusu nyungunyungu. Alianza kuwafikiria mwaka 1837. Mwaka 1842 alimwaga vipande vya chokaa juu ya uwanja wa majani karibu na nyumba yake huko Kent, kisha akasubiri. Alisubiri miaka 29. Mwaka 1871 alichimba mtaro, na mstari mweupe wa chokaa ukaonekana ubavuni mwa mtaro, sentimita 18 hivi chini ya ardhi. Hakuna aliyeufukia ila nyungunyungu, kwa kupandisha udongo kidogo kidogo usiku baada ya usiku. Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari hupita matumboni mwao kila mwaka.

Aliwafuga pia ndani ya vyungu katika chumba chake cha kusomea. Alitaka kujua kama wanasikia, basi akawapulizia filimbi, na mwanawe Francis akawapigia basuni, lile zumari kubwa la Kizungu. Hawakujali. Alipoweka vyungu juu ya piano na kugonga noti moja, walikimbilia mashimoni papo hapo. Sikio hawana, lakini mtikisiko wanauhisi mwili mzima.

Kazi hiyo ya Kent inafanyika Kilosa na Kitale pia, popote palipo na unyevu na majani ya kuoza. Nyungunyungu huvuta majani chini, huyasaga katika firigisi kwa msaada wa chembe za mchanga, kama kuku, na kuacha samadi laini ambayo mimea huinyonya kwa urahisi. Mashimo yake huingiza hewa na maji ya mvua. Ndiyo maana leo kuna wakulima wanaofuga nyungunyungu kwenye mapipa na kuuza mboji yao kwa kilo.

Sasa tazama ratiba ya chango. Jike mmoja hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, maana mengi yatapotea. Mayai hutoka na choo cha mtu na hukaa udongoni wiki kadhaa kabla hayajawa na uwezo wa kuambukiza. Yakimezwa, huanguliwa katika utumbo mwembamba. Viluwiluwi vya chango hupenya hadi kwenye ini, hupanda mapafuni, hukoholewa hadi kooni, humezwa tena, na safari hii hubaki utumboni. Njia hiyo ya mapafuni ilithibitishwa mwaka 1922 na daktari Mjapani, Koino Shimesu, aliyemeza mayai 2,000 kwa makusudi kisha akavikuta viluwiluwi kwenye makohozi yake. Safura, mnyoo mwingine wa mviringo, hutumia mlango mwingine: hupenya ngozi ya mguu mtupu, hufika utumboni na kunyonya damu mpaka mtu akapauka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo.

Angalia maneno hayo: kupitia udongo. Hapo ndipo bibi alipokaribia ukweli na kuukosa kwa hatua moja. Udongo uliochafuliwa na kinyesi cha mtu kweli una mayai ya chango, na mtoto anayeshika udongo kisha akala muhogo bila kunawa anaweza kuyameza. Mama mjamzito anayetafuna udongo naye yumo hatarini. Lakini mayai hayo yametagwa na chango, yametoka tumboni mwa mtu, na yameletwa pale na choo kisichokuwepo. Nyungunyungu hazai chango, hageuki chango, na hawezi kuishi tumboni mwako. Atasagwa kama kipande chochote cha nyama. Mwenye nguruwe ndiye wa kuwa macho kidogo, kwa kuwa nyungunyungu huweza kubeba mwilini viluwiluwi vya minyoo wa mapafu wa nguruwe.

Kutofautisha minyoo si mchezo wa wasomi. Albendazoli, dawa ambayo watoto humezeshwa shuleni, inafaa dhidi ya chango na safura. Kichocho huletwa na minyoo bapa, na dawa yake ni nyingine, prazikwanteli. Tegu wa ng'ombe huzuiwa jikoni kwa nyama kuiva hadi ndani, safura huzuiwa kwa viatu, na chango kwa choo, maji na sabuni. Anayewaita wote “minyoo” na kumaliza mambo kwa kidonge kimoja kila baada ya miezi kadhaa anaacha milango mingine wazi.

Mtoto wako akija kesho na nyungunyungu kiganjani, usipige kelele. Mwonyeshe pingili na ule mkanda wa shingoni, mwache asikilize mkwaruzo kwenye gazeti. Kisha amrudishe penye kivuli na unyevu, arudi anawe kwa sabuni. Mikono inanawishwa kwa sababu ya udongo, si kwa sababu ya nyungunyungu.